Migomba Ndani ya Tuta

Jumanne asubuhi simu iliita kutoka Mutoyi, na kabla ya salamu, kabla ya kuulizia watoto, Josefina akasema, "Jovina, yamefika shingoni."

Jovina alikuwa amekaa kizingitini akichambua maharage. Mkono wake ulibaki ndani ya ungo. "Umeangalia vizuri, dada?"

"Mara mbili. Nimeshuka mpaka kwenye mawe tunakofulia. Mawe hayapo. Shingoni, mdogo wangu, na yanakokota miti mizima."

Mtu mwingine asingeelewa maneno hayo, lakini ndugu hao wawili walikuwa na kipimo chao. Mutoyi iko juu, upande wa Gitega. Buhinyuza, alikoolewa Jovina, iko chini, upande wa Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania. Mto Ruvubu unapita kwanza kwa dada mkubwa, unazunguka vilima na pori, halafu unamfikia mdogo. Karibu na kwa Josefina kuna daraja, na daraja hilo lina nguzo moja ya saruji iliyosimama katikati ya maji kama mtu anayeoga. Maji yakiwa machache, Josefina husema yako kwenye vifundo. Mvua zikianza, yako magotini. Mwezi wa nne hufika kiunoni, na mwaka mbaya hufika kifuani. Maji yaliyopita Mutoyi asubuhi huwa Buhinyuza siku ya tatu, jua likiwa utosini. Hakuna aliyewafundisha. Walihesabu wenyewe, misimu sita, kwa simu zenye vioo vilivyopasuka, na hawakuwahi kukosea zaidi ya nusu siku.

Shingoni hayakuwahi kufika.

"Alhamisi," alisema Jovina.

"Alhamisi adhuhuri. Sali, lakini usikae unasali tu."

Simu ilikatika. Jovina aligeuka akatazama ukutani, ndani ya nyumba, ambapo mfuko wa Upendo ulining'inia kwenye msumari.

Mfuko huo ulikuwa hapo tangu mwezi wa kwanza. Upendo, mtoto wake wa kwanza, alikuwa na miaka kumi na minane, na wasichana watatu wa kilima chao walikuwa wamekwisha kuvuka kwenda Tanzania kulima vibarua. Siku moja alikunja nguo zake, kitenge kimoja na viatu vya plastiki, akavitia mfukoni na kumwambia mama yake bila kununa, "Mama, mpunga wa msimu huu ukitoka vizuri, nakaa. Usipotoka, naenda. Siwezi kukaa hapa kuwatazama wadogo zangu wanalamba sufuria."

Leonardi, baba wa huyo Upendo, alikuwa ameondoka hivyo hivyo, na kitenge kimoja cha mkewe alichokifanya shuka. Alisema mwezi mmoja. Miaka tisa ilikuwa imepita, na namba yake siku hizi iliitikiwa na mwanamume mwingine, mpole, aliyesema kila mara kwamba hamjui.

Kwa hiyo kila asubuhi tangu mwezi wa kwanza Jovina aliangalia vitu viwili: maji na mfuko. Watu walimcheka kwa hilo la maji. Kilimani walimwita Waziri wa Maji. Akipita na jembe, vijana walisimama wakampigia saluti. "Mheshimiwa Waziri, mto umelala vipi leo?" Naye alijibu, "Umelala jicho moja," na kuendelea na njia yake, kwa kuwa alikuwa akienda kweli kuuangalia.

Alizaliwa Nyarusange, Gitega. Akiwa na miaka kumi na mitatu alivuka mpaka akiwa ameshika pindo la mama yake, na utu uzima ulimkuta kambini, Tanzania, akiwa na elimu ya darasa la tano na watoto. Waliporudi, shamba la baba huko Nyarusange lilikuwa na nyumba tatu za watu wengine na kaburi jipya. Hakukuwa na wa kumlaumu. Alikuja Buhinyuza, kwao Leonardi, ambako ndugu walikuwa wamegawana kilima mpaka fungu lake likawa la kutandika mikeka mitatu. Ndipo bonde la mto lilipochimbwa mifereji na kujengewa tuta kubwa, watu wa hapo wanaliita digi, na ushirika ukagawa majaruba ya mpunga. Jina la Jovina liliandikwa la mwisho, akapewa jaruba la mwisho, la sitini na mbili, chini kabisa, ubavuni mwa mlango wa maji. Ni udongo mweusi, laini kama unga uliokandwa. Hana ardhi nyingine duniani.

Kuna jambo moja zaidi la kusema juu ya woga wake. Kambini kulikuwa na lambo la maji ya kufulia, lililozuiwa kwa ukuta wa udongo. Alipokuwa na miaka kumi na mitano, chini ya ukuta ule palitokea maji membamba kama uzi, meupe, safi, na kwa siku kadhaa watu waliyakinga kwenye ndoo kwa furaha. Asubuhi moja yalitoka yana rangi ya chai ya maziwa. Adhuhuri ukuta haukuwepo, wala msichana aliyekuwa akilala naye blanketi moja, ambaye alikuwa anafua huko chini. Jovina hajalitaja jina la yule msichana tena.

Siku ya Jumatano, kulipopambazuka, alishuka bondeni akavua viatu. Alitembea peku chini ya tuta kwa upande wa ndani, hatua kwa hatua, akisikiliza kwa nyayo. Maji ya shambani hupata jua na kuwa vuguvugu. Maji ya mto ni baridi, na yakipenyeza chini ya tuta mguu huyajua kabla ya jicho. Alipita jaruba la hamsini, la arobaini. Alipofika mkabala na la thelathini na tano, baridi ilimpanda mpaka kwenye magoti, akasimama.

Hakushangaa kwamba ni hapo. Ndicho kilichomtisha zaidi.

Miaka minne nyuma, Jumamosi ya kazi za pamoja, tuta lilikuwa limebakiza pengo la hatua ishirini na mbili. Udongo wa kushindilia ulitoka kilimani, mwendo wa nusu saa na kikapu kichwani, na wakubwa walikuwa wanakuja kukagua saa tano. Saa tatu pengo lilikuwa bado linacheka. Kastori, mwenyekiti wa ushirika, mtu mwenye sauti nzuri na kofia ya kijani, aliangalia saa, akaangalia migomba iliyokuwa kando ya njia, akasema, "Kateni." Walikata shamba zima. Walipanga vigogo vya migomba ndani ya pengo kama kuni, vinene vikiwa chini, wakamwaga udongo juu, wakaukanyaga kwa miguu huku wakiimba, wakapandikiza majani. Jovina na jirani yake Mwajuma walibeba vigogo saba, mmoja mbele mmoja nyuma. Mwajuma, mtoto wa fundi cherehani wa Muyinga mjini, asiyeweza kunyamaza hata msikitini, alikuwa akiuliza kila wanaposhusha, "Na huyu marehemu ni nani? Tumuombee?"

Wakubwa walipita juu ya tuta wakapiga picha. Mbuzi alichinjwa. Baada ya hapo hakuna aliyeizungumzia migomba, si kwa kuapishana, bali jinsi watu wa nyumba moja wasivyozungumzia ufa uliofichwa nyuma ya kabati.

Sasa chini ya majani yale palikuwa na jicho la maji, upana wa kidole gumba. Safi. Jovina alichota kiganjani akayatazama kwenye mwanga. Safi kabisa. Akapiga magoti hapo, akangoja, kama mtu anayemwangalia mgonjwa anapumua.

Saa nane mchana yalibadilika. Kwanza wingu dogo, halafu vumbi jekundu likizunguka, halafu chai ya maziwa. Kando ya tundu palianza kujengeka kichuguu kidogo cha mchanga laini, mfano wa kile cha sisimizi. Alikimbia.

Kastori alikuja na wanaume kumi. Hakumcheka. Aliinama, akasema maji kama hayo yapo kwenye kila tuta, akaagiza udongo wa mfinyanzi na mawe. Walishindilia tundu, wakalipiga kwa mchi, wakalifunika kwa kiroba cha kokoto. Maji yalikatika. Watu walipiga makofi.

"Mheshimiwa Waziri," alisema Kasiano, mtunza mlango wa maji, mtu mzima asiye na ndevu, "sasa enda lala. Maji iko kwisha."

"Ulichofunga ni mdomo," alisema Jovina. "Tumbo linaendelea."

"Yoo, huyu mama! Hata maji ikikauka iko lia!"

Alhamisi, jua lilipochomoza, palikuwa na matundu matatu. La kwanza lilikuwa limefungwa vizuri, na mengine mawili yalikuwa yametoboka hatua mbili kulia na hatua mbili kushoto, kila moja upana wa kikombe, yakitema udongo. Na upande wa pili wa tuta mto ulikuwa umevimba, umepanda majani, umebakiza urefu wa mkono kufika juu. Haukuwa na kelele. Ulipita kama ng'ombe wengi wanaopita bila kengele.

Ilipofika saa tatu, nusu ya ushirika ilikuwa juu ya tuta. Wengine walibeba udongo, wengine walibeba maneno. Kastori alikuwa amempigia simu agronomu, bwana shamba wao, ambaye alikuwa Gitega mkutanoni. Jibu lilikuwa fupi na alilirudia kwa kila aliyefika: mlango wa maji usiguswe mpaka yeye mwenyewe aje, atakuja kesho.

Simu ya Jovina ililia mfukoni mwa gauni. Josefina.

"Yameshuka?" aliuliza Jovina. Alikuwa ameomba tangu alfajiri neno moja tu: kifuani.

"Hayajashuka. Yako shingoni palepale, na huku kunanyesha toka jana. Jovina? Unanisikia?"

"Nasikia, dada."

Alihesabu kwa vidole. Yaliyo shingoni leo ni ya Jumamosi. Kwa hiyo tuta halikutakiwa kuvumilia adhuhuri moja tu. Lilitakiwa kuvumilia leo, na kesho, na kesho kutwa. Aliutazama mchanga unavyoruka kutoka kwenye yale matundu. Halingevumilia mpaka jioni.

Na tuta likipasuka kwa nguvu, mto hauingii na maji tu. Aliwahi kuona bonde la jirani. Mto ulikuwa umeingia na mchanga, ukaumwaga juu ya majaruba mpaka kifuani mwa mtu, na miaka mitatu baadaye palikuwa pakiota miiba na mbuzi wakizurura. Hakuna anayeondoa mchanga wa bonde zima kwa jembe. Jaruba la sitini na mbili lingekuwa chini yake pamoja na mengine yote. Usingekuwepo mpunga wa msimu huu, wala wa msimu mwingine wowote, na Upendo asingevuka kwa mwaka mmoja. Angevuka moja kwa moja.

Kulikuwa na njia, naye aliijua tangu jana akiwa amepiga magoti pale chini. Mlango wa nyumba ukiachwa mtu mmoja ausukume kutoka nje, huanguka. Wakisukuma wawili, mmoja nje mmoja ndani, husimama. Ilibidi kufungua mlango wa maji taratibu, kuujaza mto ndani ya bonde kwa hiari, maji matupu bila mchanga, mpaka yawe na uzito wa kulisukuma tuta kutoka ndani. Majaruba ya juu yangeingiwa na maji mpaka kwenye magoti, mpunga ungeweza kusimama hivyo siku tatu. Ya katikati yangepata nusu. Ya chini yangezama mpaka juu ya masuke.

La sitini na mbili lingezama la kwanza.

Alisimama akiwa na njia hiyo kifuani kama mtu aliyemeza mfupa. Mpunga wake ulikuwa umeanza kuinama. Wiki tatu. Wiki tatu tu uvunwe, na Upendo alikuwa huko chini wakati huo huo akiwafukuza ndege, sauti yake inasikika.

"Kastori," alisema. "Mwenyekiti. Fungua mlango."

Watu waligeuka.

"Mlango upi?"

"Wa maji. Bonde lijae kidogo kidogo. Tuta likipata maji pande zote mbili halitaanguka."

Kastori alivua kofia, akaivaa tena. "Mama Upendo, nakuheshimu. Watu wanazuia maji yasiingie, wewe unataka tuyakaribishe kwa chai?"

Wachache walicheka. Mwajuma hakucheka. Jaruba lake lilikuwa la sitini na moja.

"Agronomu amesema tusubiri," Kastori aliendelea. "Mimi nisimame mbele ya watu sitini na wawili niseme nilizamisha mpunga wao kwa sababu ya ndoto za nani? Tuta hili ni imara. Lilikaguliwa."

"Lina migomba ndani."

Waliokuwa wakichota udongo walisimama na majembe hewani. Neno lililokaa kimya miaka minne lilikuwa limesemwa mchana kweupe, mbele ya watoto.

"Vigogo vimeoza," alisema Jovina. "Kigogo cha mgomba kikioza kinaacha bomba. Hapo chini kuna mabomba, Kastori, mengi, yamepangwa kama kuni. Ukiziba moja, maji yanahamia jingine. Mpaka lini?"

"Na wewe ulikuwepo!" Kastori alipiga hatua. "Ulikuwepo, Mama Upendo, usinigeuze mwizi peke yangu. Ulibeba!"

"Nilibeba. Saba."

"Mi pia," alisema Mwajuma. Safari hii sauti yake haikuwa na utani. "Mi nilishika nyuma. Tuliimba na tulikula mbuzi, sisi wote. Bon, sawa. Marehemu wetu wamefufuka, Mwenyekiti. Utawaambia wangoje agronomu?"

Kastori aliwatazama watu, akaona kwamba hakuna anayemtazama. Wote walikuwa wanaangalia miguu yao, mahali walipokanyaga siku ile. Alipoongea tena sauti yake nzuri ilikuwa imechakaa. "Unajua maji yataanzia wapi?"

"Najua."

"Sema, wasikie."

"Yataanzia kwangu."

Kisha Kasiano, yule aliyemcheka jana, aliteremka tuta mbio kwenda nyumbani kwake kuchukua kulabu za chuma.

Mlango wa maji ulikuwa na mbao tano nzito, zimepangwa moja juu ya nyingine kwenye mifereji ya saruji. Mtu huzinyanyua kwa kulabu, moja moja, kuanzia ya juu. Wanaume sita walishika kamba. Mbao zilikuwa zimevimba kwa maji ya wiki nzima.

"Ngojeni," mtu alisema nyuma. "Mpeni Mama Upendo saa moja. Akate hata robo. Si haki hivi."

Watu waliitikia. Ndiyo, saa moja. Kamba zikalegea. Kastori mwenyewe alimgeukia, na usoni mwake hamkuwa na ugomvi tena. "Unataka saa moja, mama?"

Jovina aliangalia jaruba lake. Kutoka pale mlangoni angeweza kulishika kwa mkono. Aliangalia upande wa juu, kwenye yale matundu, ambako mtu mmoja alikuwa anapunga shati akipiga kelele kwamba limetoboka la nne. Mdomo wake ulitaka kusema ndiyo. Alihisi neno liko kwenye ulimi, na utamu wake.

"Vuteni," alisema.

Ubao wa kwanza ulitoka ukilia kama mlango wa kanisa la zamani. Maji yalichungulia, yakateleza juu ya ubao wa pili, yakaanguka kwenye mfereji. Wa pili ulitoka. Wa tatu ulikataa. Walivuta mpaka kamba ikamchana Kasiano kiganja, ukakataa. Kastori alivua kofia yake ya kijani akaiweka juu ya jiwe, akachukua shoka, akaingia ndani ya maji mpaka mapajani, akaupasua ubao ule kwa mapigo saba. Mto ukaingia Buhinyuza kwa mwaliko.

Jovina alikuwa tayari amefika kwenye jaruba, mundu mkononi. Upendo alimwona anavyokuja akatupa kijiti cha kufukuzia ndege. Alitazama mfereji uliokuwa unafurika, akamtazama mama yake, akashika masuke ya kwanza.

Walikata wakiwa wameinama, bila kuchagua, ya kijani na ya manjano. Maji yalikuja kwenye vifundo, baridi ile ile. Mwajuma aliingia kutoka upande wake, akiwa amejaza kilemba chake masuke, halafu badala ya kurudi kwake akaanza kukata kwa Jovina. "Kwangu nimekata vya kutosha," alisema, na ulikuwa uongo, kila mtu aliuona. Wanawake wengine walishuka, watano, kumi, wengine na visu vya jikoni. Maji yakafika magotini. Watoto walipokea masuke pembeni na kuyatupa kwenye mkeka. Yakafika mapajani, na mpunga ukaanza kulala juu ya maji kama nywele. Walikata kwa kupapasa. Yakafika kiunoni, na mundu haukuona tena kitu. Upendo alizama mpaka kidevuni akatoka na ngumi moja ya mpunga, akazama tena.

"Toka, mwanangu," alisema Jovina.

"Bado upo chini, Mama. Naushika."

"Toka."

Saa kumi jioni walisimama wote juu ya tuta wakitetemeka. Bonde lilikuwa ziwa. Sehemu za juu ncha za mpunga zilionekana, kijani, mistari mirefu. Huku chini hapakuwa na mstari. Kwenye yale matundu maji yaliyokuwa yakiruka yalikuwa yamepunguza hasira, na rangi ile ya chai ilikuwa inafifia.

Kisha tuta likaanguka. Si lote. Hapo kwenye hatua ishirini na mbili, kwa sauti ya mtu anayeketi, juu yake palididimia kama mkate uliolowa, kina cha mkono mzima. Watu walipiga mayowe wakakimbia pande zote mbili. Jovina hakukimbia. Aliona maji ya mto na maji ya shamba yakigusana juu ya ule mdidimio, yakipapasana, ya huku na ya kule, na kwa kuwa yalikuwa karibu sawa kimo hayakuwa na pa kukimbilia. Yalitulia. Walipanga viroba hapo mpaka jua lilipozama.

Mto ulikaa palepale Ijumaa. Ulikaa Jumamosi. Agronomu alifika Ijumaa mchana, akatembea juu ya tuta, akaondoka na matope kwenye viatu. Jumatatu Josefina alipiga simu. "Kifuani," alisema, na wote wawili walilia, kila mmoja akamsikia mwenzake akijifanya anakohoa.

Maji yalipotoka bondeni, jaruba la sitini na mbili lilikuwa na harufu ya kitu kilichokufa. Mpunga ulikuwa umelala, mweusi. Jovina aliingiza mkono chini yake mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi, akaikanda kwa vidole. Hapakuwa na mchanga. Ulikuwa udongo ule ule, laini.

Yale masuke mabichi aliyatokosa, akayakausha, akayatwanga mpaka yakawa pepeta, punje bapa, nyembamba, za kijani, za kutafuna. Zilijaa kiroba kimoja na nusu. Wadogo zake Upendo walizipenda, wakaziita biskuti.

Jumamosi iliyofuata kilima kizima kilishuka kwa kazi za pamoja. Walichimba pale palipodidimia. Kwa kina cha goti jembe lilitumbukia kwenye utupu, na wakaona midomo ya mabomba, mviringo, safi, imepangwa vizuri kama walivyoipanga. Kastori alilala kifudifudi akaingiza mkono kwenye mojawapo. Uliingia mpaka begani. Alikaa hivyo muda, shavu kwenye tope. Aliposimama alisema kwamba kila jaruba lililopona litatoa mistari miwili ya mpunga kwa majaruba sita yaliyozama. Watu wote waliinua mikono. Kisha alichukua kikapu, akaelekea kilimani kuleta udongo, nusu saa kwenda, na hakuna aliyemwambia ni mbali.

Wakati wa mavuno, walioikumbuka ile mikono waliyoinua walikuwa kumi na wanane. Wengine walisema wao pia maji yaliwapunja, na pengine ilikuwa kweli. Jovina aliupokea mpunga uliokuja, akashukuru, akaumwaga kwenye kiroba kimoja na pepeta iliyobaki. Kwa kijiko anachopimia, chakula hicho kinafika mwezi wa tisa. Mavuno mengine ni ya mwaka kesho.

Upendo hajasema kama atakaa au ataondoka. Anakwenda na wenzake kubeba udongo kila Jumamosi, mabega yake yamekuwa mapana. Juzi Jovina alimkuta amesimama mbele ya ule msumari, mkono juu ya kamba ya mfuko, hautoi wala hauachi.

"Natafuta kitenge changu," alisema. "Cha kubebea udongo."

"Kimo humo," alijibu Jovina. "Kitoe."

Akakitoa, akaufunga mfuko tena, akaurudisha mahali pake.

Jovina bado anaamka kabla ya watu. Kwanza anatazama ukutani. Halafu anavua viatu, anashuka bondeni, anatembea chini ya tuta, hatua kwa hatua, akisikiliza kwa nyayo kama kuna baridi.